Fundi wa Mashine za Gemu, Kisauni

Fundi wa mashine za gemu pale Kisauni hutengeneza kwa mkono mmoja. Wa pili huufutika kikoini, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Picha ikibana ubavuni, huweka kioo cha kujitazamia mbele ya skrini apate kuiona, huenda nyuma ya mashine, akaizungusha koili ya upana, ile itanuayo picha, polepole kwa mpini wa mswaki wa plastiki aliouchonga, akiimbia puani. Siku moja, mimi mjuzi wa kila kitu, nikaingiza bisibisi ya chuma mle ndani, mashine ikiwaka, nimsaidie. Wallahi, mpole yule alinichapa mkono kama mtoto wa chuoni!

"Mjomba, wataka tukuzike leo?"

Nikamwambia nilikuwa namjaribu tu. Tangu hapo nikifika huniamkia, "Shikamoo mjomba," kisha hunipa kiti cha heshima, nje barazani.