Mshale Haukushuka

Harufu ya vumbi linaloungua hunitoa kwenye kiti mpaka leo. Pale Kasulu, baba alikuwa akiunda amplifaya ya gitaa la kwaya, ya zile taa za kioo za redio za kale, ambazo zikipata moto huchoma vumbi. Alipima volti kwa mkono mmoja na wa pili akauweka mfukoni, umeme usije ukapita kifuani. Mimi nilimsomea mita.

“Soma, mwanangu.”

“Mia tatu.”

Umeme ukakatika, wanakwaya wakaguna. Baba akautoa mkono mfukoni. Mshale wa mita ulikuwa bado juu, maana umeme hubaki mle ndani ya amplifaya hata ukikatika, lakini hakuniambia nisome, nami nikanyamaza. Akazishika nyaya za ndani kwa mikono miwili. Kelele yake ilikuwa fupi, na ya mwisho.

Siku hizi umeme ukikatika nasema “mia tatu” kwa sauti, na wanangu hucheka.