Bibi Alivyokataa Kusifiwa

Siku Bibi alipotimiza miaka tisini, mwanawe mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, alisimama sebuleni na karatasi tatu mkononi, akaanza kusoma wasifu wa mama yake. "Mama yetu alizaliwa na kukulia shambani. Tangu utotoni alikuwa mchapakazi, mpole, mwenye busara..."

"Ngoja kwanza," Bibi akamkatiza kutoka kwenye kochi. "Huyo unayemsoma ni nani? Namfahamu?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi? Mpole? Mkija kunizika na karatasi hiyo, watu watadhani wamekosea msiba."

Basi akaanza kusimulia mwenyewe. Utotoni, alisema, alilipenda jembe likiwa mikononi mwa dada yake. Yeye alichagua kuchunga, maana mchungaji anaweza kusinzia. Siku moja alilala fofofo, akazinduka kundi zima limo kwenye mtama wa jirani, na baba yake kasimama kichwani pake.

"Nikamwambia nilikuwa nasali. Akaniuliza, 'Na hayo mate shavuni ni ya sala gani?'"

Na uchumba? Siku seremala mmoja kijana alipokuja na wazee wake kuposa, ng'ombe mmoja alikuwa amekwama kuzaa, na binti mwenyewe yumo bandani, mkono umezama hadi begani. Akaona kijana amesimama mlangoni, akadhani ni kibarua mpya.

"We bwege, unashangaa nini? Shika mkia!"

Kijana akashika, na suti yake ya kuazima ikapokea kila alichokuwa nacho yule ng'ombe. Ndama alipotoka tu, shangazi akaja mbio: binti akaoge upesi, mchumba amefika!

"Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akaniuliza, 'Sasa niuachie, au bado?'"

Wakaoana. Walipopata shamba lao kwenye mteremko, bwana shamba akamshauri Bibi apige matuta ya kuzuia maji. Bibi akamfukuza: atafundishwa kilimo na kijana wa juzi, yeye aliyezaliwa shambani? Mvua ya kwanza ikazoa mbegu zote za maharage, ikazipanda bondeni kwa jirani.

"Yakaota vizuri ajabu! Kila asubuhi nilipita kuyasalimia."

Msimu uliofuata alimfuata bwana shamba kwa miguu, akamwomba radhi, kisha akapiga matuta mengi hadi akabandikwa jina la Mama Matuta. Watoto walikua wakidhani ni jina la sifa.

Wajukuu walikuwa hoi kwa kicheko. Mmoja akauliza, "Na Babu alipofariki, Bibi?"

Bibi akajifuta midomo kwa ncha ya kanga. Asubuhi ile, alisema, mgonjwa alimwomba akae naye kidogo kitandani. Akamjibu, "Subiri, nakamua."

"Niliporudi na ndoo, ameshaenda. Nilikuwa na maneno mazuri ya kumuaga, nimeyapanga wiki nzima. Badala yake nikamgombeza. Nikamgombeza kwa kutonisubiri, mpaka majirani wakaja kunitoa. Huyo ndiye mpole wenu."

Akacheka. Safari hii alicheka peke yake.

Mwalimu akazichana karatasi zake, akaomba daftari la mjukuu, akasogea karibu na mama yake.

"Andika," Bibi akasema, "na usinipambe."

Mwalimu akaandika, huku Bibi ameinamia daftari akichungulia, mwanawe asije akapenyeza sifa.