Ndoo ya Kageha Hairudi Tupu

Huku Shinyalu, ndoo ya mtu hairudishwi tupu. Ukiazima ndoo, unairudisha na mboga, au mahindi mabichi, au hata ndizi mbili zilizokwisha kulegea, mradi mwenyewe asichungulie akaona chini. Kageha aliliamini jambo hili kuliko mahubiri mengi aliyoyasikia, na kanisani hakukosa hata Jumapili moja.

Ndoo yake nyeupe iliazimwa na Cleophas, mdogo wa marehemu mumewe, kila alipovuna asali. Ilirudi na masega. Kageha alikamua asali, kisha makapi akayaacha karibu na mizinga yake saba ili nyuki wayalambe, kwani nao ni wa nyumbani.

Mwaka huu mizinga ikaanza kunuka kama chungu kilichosahauliwa na mboga ndani. Kageha alimlaumu panya, kisha mvua, kisha jirani mmoja ambaye hata nyuki anawaogopa. Mwishowe akamwita Lynette, binti anayechunguza nyuki kituo cha msitu cha Isecheno. Lynette alidunga njiti ya kiberiti kwenye tundu la sega, akaivuta. Kilichokuwa mtoto wa nyuki kikaja kikivutika kama mrenda kwenye kijiko. Alieleza kwamba ugonjwa huo huozesha watoto wa nyuki, haudhuru binadamu, na husafiri ndani ya asali. Mizinga sita ichomwe. Wa saba ulikuwa bado mzima, na ungebaki mzima ikiwa asali ya nje haitaufikia.

Huo wa saba ulikuwa wa Osiako, mumewe. Aliutundika mwaka waliooana. Osiako alitangulia, nyuki wakabaki.

Kageha aliichoma ile sita jioni, nyuki wote wakiwa wamerudi ndani. Alilia, na aliyemuuliza aliambiwa ni moshi.

Sasa ndoo ilikuwa tena kwa Cleophas. Kumwambia shemeji yako kwamba asali yake ina ugonjwa ni sawa na kumwambia nyumba yake inanuka, kwa hiyo Kageha alimwalika, akachinja ingokho, kuku wa mgeni. Akasonga ugali, obusuma wenyewe, akaweka firigisi juu ya nyama, mahali pake, kwa heshima ya mwanamume.

"Shemeji," alisema, "nyuki zako ziko na ugonjwa. Hizo masega unaniletanga ndizo zilimaliza zangu. Ukirudisha ndoo, usiweke kitu."

Cleophas alinawa mikono, ingawa alikuwa hajamaliza kula. Aliuliza kama kaka yake angekuwa hai, angeambiwa hivyo. Kisha akaaga. Firigisi ilibaki kwenye sahani, na hakuna mwanamume wa huko anayeacha firigisi kwa sababu ameshiba. Kageha aliifunika, akaketi.

Wiki zikapita. Kanisani Cleophas alitokea mlango wa pembeni. Kila asubuhi Kageha alikwenda kuunusa mlango wa mzinga wa Osiako, na pua yake ikalipia kwa kuumwa na nyuki. Aliogopa kweli. Shemeji angeweza kuileta ndoo imejaa kwa hasira, au kwa upendo, na kwa nyuki yote mawili yangeua sawasawa.

Jioni moja moshi ulionekana upande wa kwa Cleophas. Siku ya soko iliyofuata Cleophas alipita katikati ya watu mchana kweupe, ameshika ndoo nyeupe isiyo na kifuniko. Kila aliyetaka kuona aliona, na wengi walitaka. Mama mmoja wa nyanya alimuuliza kama amegombana na shemeji yake. Aliendelea kutembea. Ndoo ilikuwa imesuguliwa kwa jiki hata ikanuka kama wodi.

"Ni tupu, shemeji," alisema mlangoni.

Kageha alichungulia mpaka chini. Akaipokea kwa mikono miwili. Alimwonyesha kiti, akatoka nje kushika kuku.

Siku hiyo firigisi ililiwa.