Ubongo Uliotikisika

Juzi, zamu ikiwa imenichosha, nilimwambia mama mmoja kuwa mwanawe amepata mtikisiko wa ubongo. Nina stashahada ya utabibu na nyumba Kiseke niliyoijenga kwa jasho langu, lakini neno hilo bado linanirudisha utotoni Buhongwa, alasiri dada yangu Kabula alipoanguka kwenye mwamba. Daktari alisema ubongo umetikisika. Nyumbani, bibi alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa apate siagi, na uani kulinuka mgando. Leo najua ubongo ukitikiswa haugandi kama maziwa. Siku ile nilikishika kichwa cha dada aliyelala, kisitikisike tena.

“Niachie, mikono inanuka dagaa,” alisema alipoamka.

“Nitaje jina kwanza.”

“Masanja, mjinga wewe.”

Nikamwachia, nikalia.