Karatasi ya Wifi Gaone

Habari za kifo cha dada yangu Segametsi nilizipata kwa Mma Pheko, mama anayeuza vocha na karanga pale njia panda ya Mochudi, kijijini kwetu, na wala yeye hakujua kwamba ananipa habari.

Nilikuwa nimeshuka kwenye basi Alhamisi saa tisa alasiri, nikitoka Durban, sanduku mkono mmoja, chupa ya lita mbili ya maji ya bahari mkono mwingine. Mma Pheko aliinuka kitini, akajifunga shali vizuri, akanishika mikono yote miwili pamoja na hiyo chupa.

"Pole, mwanangu. Mungu akutie nguvu. Jana kwenye maombi tulijaa mpaka nje ya uzio."

"Maombi gani, Mma?"

Alinitazama, kisha akatazama sanduku langu.

"Kwani umefika sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Basi nenda nyumbani, mwanangu. Nenda tu. Mzigo niachie, nitauleta." Akaanza kupanga karanga zake, ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Mzigo sikuuacha. Kabla sijafika nikaona moshi uani kwetu, moto wa magogo mazima, ule unaowashwa siku ya kifo na hauzimwi mpaka watu warudi kutoka makaburini. Majivu yake yalikuwa yamerundikana kando hadi kufika magotini. Moto wa siku moja hauna majivu kama yale.

Kaka yangu Mooketsi alinijia getini akiwa na koti la msiba.

"Ingia ndani, Boitshepo. Kaa kwanza."

"Lini?"

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Nimekaa kwenye basi tangu jana jioni. Lini?"

"Jumatatu. Saa kumi."

Jumatatu usiku ule nilimpigia simu. Nilimsimulia jinsi ndege mmoja mweupe wa baharini alivyoninyang'anya kipande cha mkate mkononi, pale ufukweni, mbele ya watu, nami nikapiga kelele kama mtoto. Saa ngapi? aliniuliza. Kama saa kumi hivi, nikamwambia. Na kaka yangu akacheka. Dada yetu alikuwa na saa nne tu tangu afe, naye akacheka, akaniambia, "Kula vizuri huko. Dada amelala."

Jumanne nilipiga tena, nikasikia watu wanaimba nyuma yake. Wimbo tunaoujua wote, ule wa kuvuka mto. Nikamuuliza ni nini. "Redio," akasema. Nikamwambia, "Ongeza sauti, nisikie." Akaongeza, maana yake akaisogeza simu dirishani. Nami nikakaa kitandani kwenye nyumba ya wageni, miguu ina mchanga, nikaimba na redio beti zote tatu. Nilikuwa nakiimbia kifo cha dada yangu, na kijiji kizima kinajua isipokuwa mimi.

Nieleze kwanza Segametsi alikuwa nani, ili ieleweke kwa nini niliona nimesalitiwa.

Mama yetu alikufa mimi nikiwa na miaka sita, Segametsi kumi na saba. Aliacha shule, akaenda kupika uji na maharage katika shule ya msingi, na huko alikaa miaka ishirini na saba. Alipikia vyungu vya chuma vyenye miguu mitatu, kila kimoja kikubwa kuliko yeye. Watoto walimwita Mma Bogobe, mama wa uji, na mtoto akitaka kuongezwa alitakiwa kwanza amweleze amejifunza nini asubuhi ile. Wengine walidanganya. "Leo tumejifunza kuwaheshimu wapishi, Mma." Huyo aliongezwa mara mbili. Mimi alinisomesha mpaka nikamaliza kidato cha tano, nikapata kazi maktaba. Hakuolewa. Mtu mmoja alikuja na wajomba zake kuposa, dada akauliza, "Na huyu mdogo wangu atalala wapi katika nyumba hiyo?" Walipojibu kwamba hilo litatazamwa baadaye, akawapa chai wakaondoka.

Kanisani yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Hakuhitaji kitabu. Akitokea mtu mwingine akaanzisha juu mno, mpaka akina mama wanakaukiwa koo, dada alikuwa akiusimamisha wimbo hapo hapo. "Mma, unatupeleka mbinguni kabla ya saa yetu? Tushuke kidogo." Na hata mchungaji alicheka.

Miaka mitatu iliyopita moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi. Nilimwogesha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kila jioni saa moja nilimwekea mkono kifuani nikamwomba Mungu amponye, na kila Ijumaa nilifunga. Dada alikuwa akiitikia "Amina" kwa sauti kuliko mimi.

Ni yeye aliyeleta wazo la safari. Mimi sikuwahi kwenda popote peke yangu, labda semina Francistown.

"Umenitunza mpaka umekuwa mzee kuliko mimi," aliniambia. "Nenda Durban wiki moja. Ukaone bahari kwa niaba ya ukoo huu wa watu wa mavumbi."

"Nikuache na nani?"

"Na wifi yako. Au unadhani Gaone hajui kushika kopo la maji?"

"Dada, sina hamu ya bahari."

"Mimi ninayo. Niletee chupa moja ya maji yake, nioshee miguu hii."

"Hayo mambo ya maji ya bahari si ya kanisa letu."

"Sijasema nitayafanyia uganga. Nimesema miguu. Petro naye alioshwa miguu kwa maji ya wapi, ya Mochudi?"

Tulicheka. Mooketsi alikuwa ameshakata tiketi. Niliondoka Alhamisi ya wiki iliyotangulia, asubuhi, na dada alinisindikiza kwa macho tu kutoka kitini, kwa sababu kusimama hakuweza. Alisema, "Usiniletee chupa nusu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu uso kwa uso.

Sitaficha kwamba Durban nilifurahi. Siku mbili za kwanza niliona aibu kula peke yangu; mhudumu aliniwekea sahani mbili akidhani kuna mtu anakuja. Siku ya tatu nilimwambia aondoe hiyo ya pili. Nilitembea ufukweni mpaka visigino vikachubuka. Nilikula mkate uliochimbwa ndani ukajazwa mchuzi wa maharage, nikachafua blauzi. Niliwaona akina mama wa makanisa ya majoho wakijaza madumu ya maji ya kuponyea wagonjwa, nikajaza chupa yangu mbali nao, kama mtu anayeiba. Nilijisikia mwepesi, na nilimshukuru Mungu kwa wepesi huo kila jioni saa moja, mkono wangu juu ya mto, nikimwombea dada apone. Jumatatu na Jumanne na Jumatano nilikuwa namwombea uponyaji mtu aliyekuwa kwenye chumba cha maiti.

Alhamisi niliyorudi, nilipokwisha kulia, wifi Gaone alikuja kuketi nami mkekani. Ni mtu wa maneno machache. Alinieleza akitazama vidole vyake.

Mwezi wa tano daktari aliwaambia dada na Mooketsi kwamba moyo umefika mwisho, zimebaki wiki chache. Dada aliwakataza wasiniambie.

"Alisema nini hasa?" nikauliza.

"Alisema, 'Boitshepo akijua atafunga siku arobaini, atatangulia yeye, halafu nani atanizika?'"

"Usinichekeshe, wifi."

"Ndivyo alivyosema. Halafu akasema..."

"Sema."

"Akasema, kila ukimwekea mkono anaona haya kuondoka. Ni kama anamtoroka mtu aliyemshika nguo. Akasema apewe wiki moja bila kuombewa apone, na hata akifa kabla, wewe uachwe umalize wiki yako."

Siwezi kusema nililipokea jambo hilo kikristo. Nilihisi kama mtu aliyekuwa akigonga mlango miaka mitatu, kumbe waliomo ndani wote walikuwa macho, wananong'onezana wasifungue. Dada alikuwa ameitikia "Amina" zake huku ameshaagana na daktari. Kaka alicheka kwenye simu. Mchungaji aliongoza maombi siku tatu uani kwetu akijua mimi niko wapi. Na Mungu naye alijua. Yeye nilimwambia waziwazi kwamba simwelewi.

Jioni ile ile Mjomba Ntsima, ndugu yake mama na msimamizi wa msiba, alinipa ratiba ya mazishi. Ilikuwa imeshachapwa. Baada ya jirani na mwakilishi wa shule, palikuwa na mstari: Mtunzaji wa mgonjwa, Boitshepo.

Kwetu mtunzaji husimama kando ya jeneza akaeleza ugonjwa ulivyokwenda, na saa ya mwisho ilivyokuwa. Watu wote husikiliza kwa sababu huyo ndiye aliyekuwepo. Miaka mitatu, Mungu anisamehe, nilikuwa nimewahi kuwaza nitakayoyasema siku hiyo ikifika. Ndiyo nafasi pekee niliyoitaka katika mazishi yale.

"Mjomba, mimi sikuwepo."

"Kijiji kizima kinajua wewe ndiye uliyemtunza. Akisimama mwingine, watasema nini?"

"Watasema nilikuwa Durban."

"Watasema ulimwacha akafa."

"Mliniondoa!"

"Shusha sauti, kuna wageni. Gaone amekuandikia. Utasoma tu."

Ilikuwa karatasi ya daftari la mwanafunzi, mwandiko wa Gaone umelala upande. Nilijifungia chumbani nikaisoma. *Asubuhi ile alikataa uji, akaomba chai. Nilimwinua nikampanga mito mitatu. Saa tisa aliniomba nifungue dirisha ili asikie watoto wakitoka shule. Aliuliza, wamekula? Nikamwambia wamekula. Nilimshika mkono. Saa kumi alishusha pumzi moja ndefu, nikangoja nyingine, haikuja.*

Hivyo ndivyo nilivyoijua saa yake ya mwisho kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye karatasi iliyosema kwamba aliyekuwepo ni mimi. Niliisoma tena. Niliisoma kwa sauti mbele ya kioo. Mara ya nne nilikuwa naiona mito, nalisikia dirisha, nahisi mkono wake ulivyokuwa mzito. Nilijiambia kwamba ni haki yangu. Wamenipora saa hiyo, na hii ndiyo namna ya kunirudishia. Karatasi niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia.

Ijumaa tulikwenda chumba cha maiti, mimi na wifi na mama wawili wa kanisa, kumwosha na kumvisha. Nilichukua chupa yangu. Mmoja wa wale mama aliitazama, akafungua mdomo, Gaone akamgusa mkono. Miguu niliiosha mimi. Uvimbe ulikuwa umeshuka. Mifupa ya vifundo ilionekana, kitu ambacho sikukiona kwa miaka mitatu. Nilimimina mpaka chupa ikaisha. Sikuomba. Nilimwambia kimoyomoyo, "Siyo nusu," nikamvisha soksi.

Jumamosi tulitoka nyumbani kabla jua halijachomoza. Kulikuwa na baridi na watu wengi, wengine vijana warefu waliokula uji wake. Jirani alisema yake. Mwalimu mkuu alisema ya chungu na watoto. Kisha Mjomba akaita jina langu.

Nilisimama kando ya jeneza nikaifungua karatasi. Nilieleza ugonjwa tangu mwanzo bila kuisoma, kwa sababu huo niliujua: miguu, mito, dawa za asubuhi, safari za hospitali. Watu waliitikia kwa kutikisa vichwa. Nikafika Jumatatu. Nikasoma, "Asubuhi ile alikataa uji, akaomba chai." Nikasoma, "Nilimwinua." Hapo nikamwona Gaone amekaa nyuma ya akina mama wote, shali limefika machoni, mikono yake miwili mapajani, imefunguka. Ndiyo mikono iliyomwinua.

Nikasema, "Ndugu zangu, mimi siku hiyo nilikuwa Durban. Nilipelekwa. Dada alitaka hivyo, na nyumba yangu ilinificha siku tatu, na jambo hilo bado linaniuma. Lakini siwezi kusimama hapa kwenye shimo la dada yangu nikasema nilikuwepo. Aliyekuwepo ni wifi yangu."

Mjomba alikohoa. Mooketsi aliinamisha kichwa. Gaone alikataa kwa mkono, akina mama wakamsukuma taratibu mpaka akafika mbele. Nikampa karatasi. Aliisoma yote kwa sauti ndogo, na hakulazimika kubadilisha hata neno moja. Alipofika "wamekula?" watu walicheka na kulia pamoja. Mimi nilisikiliza nikiwa nimesimama kando yake.

Jeneza likashushwa. Mama mmoja akaanzisha ule wimbo wa kuvuka mto, juu mno, na tukajua sote hakuna wa kuusimamisha. Waliuimba hivyo hivyo kwa shida mpaka mwisho. Mimi sikuimba, nilikuwa nimeshauimba.

Mchungaji akasema mavumbi kwa mavumbi. Wanaukoo tulipita mmoja mmoja, kila mtu na konzi moja ya udongo. Mooketsi alikuwa mbele yangu. Alinisubiri ng'ambo ya kaburi, nikapita bila kumshika mkono. Wanaume wakachukua makoleo wakapokezana mpaka kaburi likajaa, wakaweka mawe kuzunguka na kibao chenye jina lake. Jua lilikuwa limeshatoka. Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukanawa mikono kwenye beseni getini, na moto ukazimwa.