Siku Walimu Walipoitwa Kula
Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mzuri, lakini mambo ya masomo aliyaamua peke yake, ndani ya gari lake, akija kazini kutoka Syokimau. Sisi tulikuta tu ratiba mpya imebandikwa. Muhula mmoja alimpangia mwalimu wa Fizikia madarasa mawili saa ile ile! Maskini akawa anakimbia kati ya milango miwili na chaki mkononi, nasi tunacheka mpaka machozi.

Nilikoma kucheka aliposema anaondoa Kilimo kidato cha tatu, vipindi vyake vipewe Hisabati. Mwalimu wa Kilimo ni mimi. Lile shamba nyuma ya maktaba tulililima mimi na wanafunzi wangu, kwenye udongo unaovunja jembe. Nikavimba kwa hasira. Nikaingia ofisini mwake bila hodi.

"Mwalimu, umemuuliza nani?"

Akakuna kipara. "Basi, Madam, sitaki vita. Walimu wenyewe wataamua."

Wakati wa chai akatangaza, "Kesho saa nne, walimu wote, ni kula! Asikose mtu."

Sasa, sisi Wakamba na herufi r hatujawahi kuelewana, na yeye amelelewa Muthetheni. Alimaanisha kura. Mimi nilijua, maana kura hiyo ndiyo iliyoninyima raha. Wenzangu walisikia walichotaka kusikia, na mpishi, aliyekuwa akipita na birika, pia alisikia.

Siku ya pili hakukosekana mtu. Hata wale wanaougua kila siku ya mkutano walifika, tena bila kunywa chai. Mwalimu mkuu akaanza kueleza habari za karatasi za kura. Mara mpishi akaingia na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na nyingine ya mboga za sukuma. Watu wakapiga makofi.

"Nani amesema mpike?" mwalimu mkuu akauliza.

"Si ni wewe, Mwalimu? Ulisema kula."

Aki tulicheka! Yeye mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Akaketi, akapakuliwa. Alipoongezwa mara ya pili akamuuliza mpishi, "Haya maharagwe mmenunua wapi?"

"Kununua? Ni ya shamba la Madam. Kidato cha tatu walivuna wiki jana."

Mimi nilikuwa sijameza hata punje, roho iko mkononi. Mwalimu mkuu alitafuna polepole, akanitazama, kisha akagawa karatasi.

Zilirudi na madoa ya mchuzi. Kilimo kilibaki. Moja tu ilikataa, na wote tukamgeukia mwalimu wa Hisabati, ambaye wakati huo alikuwa akikwangua sufuria.

Jumatatu mwalimu mkuu alinikuta mbele ya ubao wa matangazo. Akanipa ratiba na pini.

"Bandika wewe, Madam."

Nikaisoma. Kilimo, kidato cha tatu, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nililia pale pale, na pini ikaniponyoka mara mbili.