Bomba la Moshi Lililokunywa Ziwa

Injini ilitapika maji.

Si masihara. Niliifungua kwa mikono yangu, Chato, mwaka 1955. Oili iliyotoka ilikuwa kama chai ya maziwa iliyochacha. Ule uvundo ukinijia hata sasa nasukuma sahani pembeni.

Nina miaka tisini. Mimi nasimulia, mjukuu wangu Limi anabonyeza simu.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Onesmo, kwenye gereji ya mgodi kule Geita. Nilimheshimu kama baba.

Tajiri mmoja wa Chato, Stanslaus, akanipa kazi ya kufunga injini kwenye boti yake ya abiria. Bomba la moshi lilitakiwa litokee nyuma, kwenye tundu la ubao, shubiri moja tu juu ya maji.

Hapo ndipo penye balaa. Wimbi likija kwa nyuma linaingia bombani na kuteremka mpaka kwenye injini.

Kwa hiyo nikalipandisha bomba kwanza, likafika usawa wa kiuno, ndipo likashuka kwenda nje. Mdomoni nikaweka kifuniko cha bati chenye bawaba. Moshi unakifungua, wimbi linakifunga.

Onesmo ndiye aliyenifundisha hivyo.

Stanslaus akakunja uso. "Limekula nafasi ya watu wawili. Likate, linyooke."

"Sikati, bosi. Utaua watu."

Akacheka, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye nikapanda boti ile kwenda kisiwa cha Maisome. Nyuma palikuwa pamezibwa kwa kiti kipya cha mbao, nikadhani bomba langu limo ndani. Tulikuwa kumi na saba. Katikati ya safari mawimbi yakaanza kutupiga kwa nyuma.

Injini ikakohoa mara mbili. Kimya.

Nikashika hendeli ya kuwashia. Haizunguki. Imeshiba maji.

Tukasukumwa kwenye mawe. Januari, mchimba dhahabu aliyekuwa anarudi kwao, akatanguliza mguu boti isipasuke.

Mguu ukasagwa. Niliusikia mfupa.

Tulirudi Chato kwa makasia, yeye analia njia nzima. Pale ufukweni nikafungua injini, kisha nikang'oa kiti cha nyuma.

Bomba lilikuwa limenyooka kama fimbo. Kifuniko hakuna.

"Huyu ndiye aliyefunga!" Stanslaus akawapigia watu kelele.

Wakanizonga. Mara nikamwona Mzee Onesmo anapenya katikati yao, wala sikujua kama yuko Chato. Moyo ukatulia.

"Shikamoo mzee. Waambie, mimi siwezi kufunga hivi."

Hakuitikia. Akainama, akagusa bomba, akatikisa kichwa.

"Kazi ya hovyo. Kijana kaharibu."



Ndipo Mama Mbuke, muuza samaki wa pale, akaweka ungo wake chini.

"We mzee, si ulikuwa humu juzi na msumeno? Na samaki ulinunua kwangu, ukala umekaa juu ya hilo bomba!"

Stanslaus akaanza kurudi nyuma.

Onesmo hakukana. Akaninong'oneza: "Mwanangu, ningekataa angempata mwingine."

Nilitapika palepale. Sijui kama ni ile oili au ni yeye.

Januari alichechemea mpaka anaingia kaburini. Onesmo tulipishana njiani miaka mingi, shikamoo yangu hakuisikia tena.

Vijana mnaofunga injini za boti, pandisheni bomba juu ya maji kabla ya kulitoa nje. Tajiri akisema likate, mwachie spana zake, nenda nyumbani ukalale njaa.